Nabongo Mumia na Mzinga wa Kitale

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee wetu. Mzinga ninaotaka kuwasimulia leo ulitembezwa sana. Picha zake zilitoka Kitale zikaenda Bungoma, zikateremka mpaka Mombasa, na kila zilipofika ziliandamana na karatasi ya kurasa mbili iliyoeleza kuwa hicho ndicho chombo kilichoivunja ngome ya Chetambe mwaka 1895, na kwamba mwenyewe alikuwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale. Marehemu baba yangu alikuwa akisugua shaba na kutengeneza makufuli ya milango ya nakshi, nami nikarithi kazi ya kununua na kuuza vitu vya kale: masanduku, vifuniko vya mabuli, saa za ukutani, mikono ya milango. Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Kitale, kwani nyumba za mashamba ya walowezi ziliacha vitu vingi. Mwenye mzinga alinijua kwa sifa. Akanitaka nimtafutie mnunuzi, na nikifaulu nipate ushuru wa udalali. Sifichi kwamba hesabu ya ushuru ule niliipiga kichwani kabla sijauona mzinga wenyewe.

Wanunuzi wawili walijitokeza. Wa kwanza alikuwa tajiri wa pwani aliyetaka pambo la langoni. Wa pili hawakuwa matajiri hata kidogo. Walikuwa wazee wa Kibukusu na Kitachoni kutoka vijiji vilivyo chini ya milima ya Chetambe, upande wa Webuye. Walikuwa wamechanga fedha kwa harambee, huyu kauza mbuzi, yule katoa gunia la mahindi, ili mzinga uliowaua babu zao urudi pale walipofia, wajukuu wauone. Mkubwa wao, mzee aliyetembea kwa mkongojo, alikuja Kitale kwa matatu akaniomba jambo moja tu: nimwambie kama ndio wenyewe.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimebebeshwa amana. Dini yetu imetuonya juu ya muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa. Kumficha tajiri ni dhambi. Kumficha mzee aliyekuja na fedha za mbuzi wa jirani zake ni dhambi na aibu pamoja.

KUPIMA CHUMA

Mzinga wenyewe ulikuwa uani, chini ya turubai. Ulikuwa umetengenezwa upya: umepakwa rangi nyeusi inayong'ara, umewekwa juu ya gari jipya la mbao lenye magurudumu manne. Juu ya mgongo wake palikuwa na taji na herufi GR, yaani jina la mfalme George wa Uingereza, na chini yake tarakimu tatu zilizotengwa kwa vistari: 3, 2 na 10.

Sisi watu wa Mombasa tumekulia mbele ya mizinga. Watoto tumeikalia pale Ngome, tukatia vidole katika matundu yake. Mzinga wa kale wa chuma hutiwa baruti na tufe kwa mdomoni, na huwashwa kwa tundu dogo lililo juu ya tako lake. Mzinga uliopigwa sana, tundu hilo huliwa na moto likapanuka. Chuma chake cha kale hubanduka kwa matabaka kama gome la mti, na kutu yake ni nyeusi yenye kushikamana. Kutu ya kutengenezwa kwa tindikali ni nyekundu na hubaki kidoleni ukiigusa.

Niliomba ruhusa nikakwangua rangi mahali padogo, chini ya tumbo. Nikakuta mstari mwembamba ulionyooka toka mdomoni hadi takoni, alama ya kalibu mbili zilizokutanishwa. Nikatia waya katika tundu la kuwashia. Ukaingia kiasi cha urefu wa ukucha, ukagota. Tundu lile halikuwahi kutobolewa hadi ndani. Mzinga ambao moto hauwezi kuifikia baruti haukupata kupigwa hata siku moja.

Hata hivyo sikupenda kuhukumu kwa haraka. Huenda fundi wa kuchomelea aliyeutengeneza alikuwa ameliziba tundu, na mstari ule huenda ni jeraha la kazi yake. Hata herufi za George hazikutosha kuuhukumu, kwani mizinga ya zamani iliuzwa mikono mingi baada ya wafalme wake kufa, na pwani yetu imeshuhudia hayo. Nikaziangalia tena zile tarakimu tatu.

Waingereza walikuwa na desturi ya kuandika uzito wa mzinga juu ya mwili wake. Tarakimu ya kwanza ni mafungu ya ratili 112, ya pili ni robo za fungu hilo, yaani ratili 28, na ya tatu ni ratili moja moja. Basi 3, 2 na 10 ni ratili 336, na 56, na 10: jumla ratili 402, karibu kilo 182. Kitale ni mji wa mahindi, na mizani haikosekani. Tukauteremsha mzinga garini, vijana sita wakaubeba, tukauweka juu ya mizani ya magunia. Ulikuwa kilo 131.

Kutu hupunguza chuma, lakini haili zaidi ya robo ya mzinga ikaacha taji na herufi zinasomeka. Aliyeufua aliiga maandishi ya mzinga mwingine, kisha akaokoa chuma kwa kuufanya mwembamba. Yale maandishi ya uzito hakuyaelewa. Aliyaona ni pambo.

Mwenye mzinga alisimama kando ya mizani, uso umemshuka. Nilimhurumia. Hakuwa mwongo. Yeye mwenyewe aliununua kwa kuamini ile karatasi, akaongeza fedha za mbao, rangi na fundi. Akanisihi nisiseme lolote mpaka niichunguze karatasi pia, kwani chuma, alidai, kinaweza kubadilishwa na mafundi lakini historia haibadiliki. Nikakubali. Kupima chuma kulikwisha asubuhi moja. Kuipima karatasi kulinichukua wiki mbili, kwa maana kulinilazimu kuyafuata maisha ya Nabongo Mumia toka mwanzo hadi mwisho.

MWANA WA SHIUNDU

Mumia alizaliwa yapata mwaka 1849 katika mji wa baba yake, Nabongo Shiundu, mahali paitwapo Lureko, karibu na Mto Nzoia. Nabongo ndilo jina la cheo cha wafalme wa Wawanga, ukoo miongoni mwa makabila ya Waluhya. Utawala wa Shiundu haukuwa mpana kama ulivyokuja kuandikwa baadaye. Wawanga wenyewe walikuwa wamegawanyika, na majirani zao Wabukusu, waliokuwa wengi na wakali wa vita, hawakumtambua Nabongo kuwa mkubwa wao.

Walioibadilisha mizani ya nguvu walikuwa watu wetu. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani na Mombasa ilipita Taveta, ikakata nchi ya Wamasai mpaka Naivasha na Baringo, ikatokea nchi ya Nzoia ikifuata pembe za ndovu. Ilileta merikani, kaniki, ushanga, nyuzi za shaba na bunduki. Shiundu akaipokea vizuri, akaipa mahali pa kupumzika na kununua chakula. Ndiyo sababu katika vinywa vya wapagazi mji ule uliitwa Kwa Shiundu, na baada yake Kwa Mumia. Jina la Mumias linalosomwa leo kwenye ramani limetokana na wapagazi wa pwani.

Hapa lazima tuseme kweli hata ikituuma. Misafara hiyo haikuwa ya biashara tupu. Wabukusu, ambao watu wa misafara waliwaita Kitosh, walipigana na wafanyabiashara wa pwani zaidi ya mara moja, na kisasi cha pwani kilikuwa kikali: vijiji viliunguzwa, watu wakatekwa na kuuzwa. Huko Kitale, mji uliokua juu ya njia za misafara, wenyeji mpaka leo humwonyesha mgeni duara la mawe penye uwanja wa klabu, wakamweleza kuwa hapo ndipo walipozuiliwa watumwa. Mzee wa mkongojo alinionyesha upande huo kwa kidole tulipopita, wala hakuongeza neno. Nami sikuwa na la kumjibu.

WAGENI KWA MUMIA

Shiundu alifariki mwaka 1882, Mumia akakalia kiti. Hakukaa mwaka mzima na nusu kabla Mzungu wa kwanza hajamfikia. Huyo alikuwa Joseph Thomson, Mskoti aliyeondoka Mombasa mwaka 1883, na ambaye asingelipita nchi ya Wamasai salama bila msaada wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara aliyeijua njia ile. Mumia akampokea Thomson kama alivyozipokea kafila za Waswahili.

Mwaka 1885 akapita Askofu James Hannington akielekea Uganda. Wengi wa watu wake aliwaacha Kwa Mumia pamoja na mchungaji William Jones wa Rabai, yeye akaendelea na wachache. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mifupa yake ilikuja kuzikwa Kwa Mumia, mpaka ilipohamishiwa Namirembe mwaka 1892. Basi mji wa Mumia ulikuwa kituo cha walio hai na cha waliokufa pia.

Kisha kikaja kipindi ambacho karatasi ya mzinga ilikitaja. Mwishoni mwa 1889 alifika Frederick Jackson, kiongozi wa msafara wa Kampuni ya Waingereza. Alikaa, akaacha bendera, akaenda zake Mlima Elgon kuwinda ndovu. Akiwa mlimani, mapema 1890, akatokea Karl Peters, Mjerumani. Peters akazifungua barua za Jackson zilizotoka Uganda, akajua kuwa Mwanga anahitaji msaada, akaishusha bendera ya Kiingereza, akakimbilia Uganda kutia mkataba. Mkataba wake ukavunjika mwaka huohuo, kwa maana Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi kule Ulaya, katika mapatano yaleyale yaliyoitia Unguja chini ya himaya ya Waingereza.

Mumia alitazama bendera zikipanda na kushuka, akapima. Wengine wamemwita msaliti kwa sababu alichagua upande. Mimi namwona mtu mwenye nchi ndogo, aliyezungukwa na majirani wenye nguvu, aliyejifunza kwa misafara kuwa mgeni mwenye bunduki ni heri awe mgeni wako kuliko awe wa adui yako.

Sasa itazameni karatasi. Ilidai kuwa Jackson alimtunukia Mumia mzinga ule. Msafara wa Jackson, kama misafara yote ya wakati huo, ulisafiri kwa vichwa vya wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70. Njia ya magurudumu kufika nchi ile haikuwako. Barabara ya Sclater ilikuja kukatwa katikati ya miaka ya 1890. Nani angeuchukua mzinga wa ratili 402, chuma kimoja kisichogawanyika, kutoka Mombasa, kuvuka jangwa la Taru, kupanda na kushuka Bonde la Ufa, ili kumpa zawadi mtawala ambaye bendera na vitambaa vilimtosha?

VITA VYA 1895

Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza himaya yake Uganda, na nchi ya Mumia ikahesabiwa ndani yake. Spire akatumwa kufungua kituo, na mwanzoni mwa 1895 akaja Charles Hobley kushika madaraka. Kisa cha vita kilikuwa bunduki. Bunduki za watoro zilikuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu, na serikali ikatuma kikosi kidogo cha askari wa Kinubi kwenda kuzichukua. Wabukusu wakakishambulia, karibu wote wakauawa.

Agosti 1895 Hobley akakusanya jeshi. Walikuwamo Wanubi na Waganda walioletwa na William Grant kutoka Busoga, walikuwamo Wamasai waliokuwa wamekimbilia kwa Mumia, na mashujaa wa Mumia mwenyewe. Lureko ndipo palipokuwa tegemeo lao. Wabukusu wakajifungia katika ngome za udongo zenye mahandaki, kwanza Lumboka, kisha Chetambe, ngome iliyobeba jina la Mtachoni aliyeichimba. Waliokufa humo walikuwa mamia, na si wapiganaji peke yao. Wanawake, watoto na ng'ombe walichukuliwa. Baada ya hapo Wabukusu hawakuwa na la kufanya ila kufanya amani.

Jeshi hilo lilikuwa na silaha moja iliyobaki katika kumbukumbu za pande zote mbili, nayo iliitwa Hotchkiss. Jina hili limewachanganya wengi. Benjamin Hotchkiss alikuwa Mmarekani aliyefungua kiwanda Ufaransa. Alifariki mwaka 1885. Kiwanda chake ndicho kilichokuja kutoa bunduki ya rasharasha yenye jina hilo, lakini bunduki hiyo ilianza kuingia majeshini mwaka 1897 na kuendelea. Hotchkiss za mwaka 1895 zilikuwa mizinga midogo ya chuma cha pua, iliyotiwa risasi kwa nyuma na wala si kwa mdomoni, yenye mifuo ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu. Ilitengenezwa kwa nchi zisizo na barabara.

Basi hata kama mzinga wa Kitale ungekuwa wa kale kweli, wa enzi ya mfalme George, usingelikuwa huo. Ule wa Chetambe ulijazwa kwa nyuma. Huu una mdomo mmoja tu. Kuufananisha na Hotchkiss ni kufananisha jahazi na meli ya moshi. Tena serikali iliyomwaga damu ili kuwanyang'anya watu bunduki chache, ingeliachaje mzinga uani kwa mtawala wa kienyeji, hata awe rafiki?

CHIFU MKUU, KISHA MZEE

Baada ya vita neema ya Mumia ilipanda, kisha ikaanza kuteremka bila mwenyewe kukosa lolote. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, ikaupita mji wake kwa mbali. Misafara ikafa. Aprili 1902 nchi yake ikatolewa Uganda ikaunganishwa na ile iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1909 serikali ikamfanya Chifu Mkuu wa wilaya nzima ya North Kavirondo, cheo kikubwa kuliko alichopata kuwa nacho baba yake, lakini cheo cha kupewa. Ndugu zake na jamaa zake wakapelekwa kuwa machifu juu ya watu wasiokuwa Wawanga. Murunga, nduguye, aliwekwa juu ya Wabukusu upande wa Kimilili. Jambo hilo Wabukusu hawakulisahau. Vita vya siku chache husameheka. Chifu mgeni anayekusanya kodi miaka nenda miaka rudi husameheka kwa shida. Malalamiko yalidumu mpaka miaka ya 1930 walipoanza kupata machifu wao.

Kwa sisi Waislamu, kuna upande wa maisha ya Mumia usiotajwa sana huku pwani. Wale wafanyabiashara hawakuleta nguo na bunduki tu. Walikaa, wakaoa, wakaswali, wakafunga Ramadhani mbele ya wenyeji. Mumia akazoea Kiswahili na vazi la kanzu, akasilimu, na wengi wa nyumba yake wakasilimu pamoja naye. Mumias ikawa shina la Uislamu katika Kenya ya magharibi, na kutoka hapo walimu walienea mpaka vijiji vya Bungoma. Bunduki za misafara zimeoza zote. Adhana ya Mumias bado inasikika.

Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Mwaka 1926 Mumia akastaafishwa. Akaishi miaka zaidi ya 20 tena, mzee katika mji uliosahauliwa na reli, akawaona waliokuwa watoto siku ya Chetambe wakiwa babu. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya wafuasi kwenda Chetambe kuwakumbuka waliouawa, na Februari 1948 polisi wakawapiga risasi watu huko Malakisi. Vita vya 1895 vilikuwa bado havijaisha vifuani. Mumia alifariki tarehe 24 Aprili 1949, akikadiriwa kuwa na miaka mia moja.

Nilitafuta katika maisha yote hayo mahali pa kuuweka mzinga, sikupaona. Haukuweza kuja 1889, haukupigwa 1895, na mzee aliyevuliwa cheo 1926 hakuwa na sababu ya kuwa nao.

NILIVYOAMUA

Kuna jambo la sheria pia, nalo ni vema kila mnunuzi wa vitu vya kale alijue. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na biashara yake inataka kibali cha serikali. Mwaka ni uleule wa Chetambe! Kwa hiyo kama mzinga ule ungekuwa wa kweli, nisingelikuwa na haki ya kuuuza kienyeji. Na kwa kuwa ni wa uongo, sikuwa na haki ya kuuuza kwa jina lile. Kwa njia zote mbili ushuru wangu ulikuwa umekwenda na maji. Na Kitale yenyewe ina makumbusho, yaliyofunguliwa 1974 na kurithi vitu alivyokusanya Kanali Stoneham. Mtu mwenye shaka asione haya kubisha hodi pale kabla hajafungua mkoba.

Nilimweleza mwenye mzinga kwanza, maana mali ni yake. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akaichukua ile karatasi akaikunja, akaitia mfukoni, asiitoe tena. Baadaye tajiri wa pwani aliununua mzinga kama pambo jipya, kwa bei ya chuma, mbao na ufundi, akiwa amejulishwa kila kitu. Sikuchukua ushuru kwa bei ile. Niliambiwa umepandwa maua pembeni na watoto wanaukalia, kama sisi tulivyokalia ile ya Ngome.

Kisha nikapanda gari mpaka Bungoma, nikaendelea Webuye kumwona mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake, maana nilikuwa nikimnyang'anya kitu alichokuwa amekwisha kukiona kwa macho ya moyo. Nikamweleza habari za mizani, za tundu lisilopenya, za wapagazi, za Hotchkiss. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza: je, mzinga wa kweli uko wapi? Nikamwambia sijui. La pili lilikuwa zito zaidi. Alitaka kujua kama mimi, mtu wa pwani na Mwislamu, namlaumu Mumia.

Nikamjibu kwamba kabla sijamlaumu Mumia ningelazimika kuwalaumu babu zangu waliomfundisha thamani ya bunduki, waliouza na kununua watu katika njia ya Baringo. Kwamba Mumia aliiokoa nchi yake kwa gharama iliyolipwa na wengine, na waliolipa ni wake yeye. Mzee akatikisa kichwa taratibu. Sikujua kama amekubali au amechoka.

Akasimama kwa mkongojo wake, tukapanda naye mlimani. Handaki la Chetambe lipo. Limeota majani na kingo zake zimelala, lakini ukisimama ndani utajua kuwa lilichimbwa na watu waliokusudia kuishi. Mzee akanionyesha upande walikotokea askari, na upande alikoangukia babu yake, kwa jinsi alivyosimuliwa na mama yake. Fedha za harambee, alisema, zitarudishwa kwa wenyewe, kila mtu na chake, kwa kuwa daftari analo na majina yote yamo. Tulipoteremka jua lilikuwa limekwisha kuinama. Akanisindikiza mpaka kituoni, akaninunulia ndizi za njiani, akakataa katakata nimlipe.